Noti za Kapteni Otto

Elkhart, Indiana
5 Oktoba 2008

Dada Verna,

Barua yako nimeipata na kijembe chako nimekiona. Eti, "Nyie mnaishi Indiana au mnaishi kwa yule mnyama?" Haya, cheka. Mwakani tunakwenda tena kucheza Bustani ya Otto kule Florida, safari ya tisa tangu Kayla azaliwe, na mara hii ni siku kumi nzima, siyo zile siku nne za kuibia. Tressa ametimiza kimo cha kupanda treni ya milimani, ile ya kupandisha na kuporomoka kwa kasi. Kila asubuhi anajipima mlangoni asije akawa amepungua.

Wewe ndiye uliyenilea Mama alipotutoka, na wewe ndiye uliyenifundisha kubana matumizi, kwa hiyo usinione kama mtu anayechoma pesa. Nikuambie tunavyofanya. Soda tuliacha mwaka juzi. Nywele za watoto nakata mwenyewe, na za Duane pia, ndiyo maana siku hizi anapenda kofia. Nyama nanunua Jumanne jioni, wanapobandika karatasi ya bei nusu. Fulana za Otto natafuta kwenye maduka ya mitumba, dola moja, na huko Bustani hakuna anayejua kwamba hatukuzinunua kwao kwa ishirini na tano. Chakula cha mchana tunabeba mkate na siagi ya karanga. Tunakwenda shule zikiwa zimefunguliwa, kwa sababu vyumba vinakuwa rahisi, na mwalimu namwambia watoto wana homa. Hilo la mwisho usimwambie mtu wa kanisani.

Halafu kuna noti. Bustani ina pesa zake yenyewe, zina picha ya Kapteni Otto, yule fisi-maji mwenye kofia ya baharia. Mwanachama wa klabu yao akipeleka hundi ya dola tisini, anatumiwa noti za mia. Kila Ijumaa Duane akilipwa, tunapeleka. Ukishazibadilisha hazirudi tena kuwa dola za kawaida, na hilo ndilo zuri lake, maana zingerudi tungeshazila. Mwaka huu Duane akasema, "Benki gani itakupa kumi juu ya tisini siku hiyo hiyo?" Tukaitoa na ile akiba ya benki, tukaipeleka yote. Sasa tunazo noti za dola elfu saba na kidogo. Nimezifunga kwenye karatasi ya bati, nimeziweka kwenye friza, na juu nimeandika MAINI. Humu ndani hakuna anayegusa maini.

Kiwandani kwa Duane wamepunguza kazi, siku tatu kwa juma. Wanasema watu hawanunui tena zile nyumba za magurudumu kwa sababu ya bei ya mafuta. Itapita. Amekaa pale miaka kumi na miwili.

Watoto wanamsalimu Mama Mkubwa wao.

Mdogo wako,
Lorraine


Mount Hope, Ohio
14 Oktoba 2008

Lorraine mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili ilibidi nikae. Nilikufundisha kubana matumizi ili uwe na kitu siku ya shida. Sikukufundisha kubana matumizi ili umpelekee fisi-maji.

Miaka kumi na mitano iliyopita ulikataa kubatizwa kwetu, ukasema maisha yetu ni ya kujinyima mno. Sasa hebu tazama. Mimi sina umeme, sina simu, sina gari, kama kanisa letu linavyoagiza, lakini sukari naweka kwenye kahawa yangu. Wewe unazo zote hizo na umeacha soda. Kati yetu sisi wawili nani mtawa?

Nauliza jambo moja tu. Mtoto akiumwa, daktari wa Elkhart anapokea hizo noti za maini?

Mimi ni mzima. Nimefunga makopo mia na kumi ya maharage. Ng'ombe ni watatu, na lori la maziwa linakuja kila siku isipokuwa Jumapili. Nilichonacho cha ziada kipo mikononi mwa mtu wa kanisa anayetutunzia sote akiba, na nalala usingizi.

Msalimu shemeji yangu. Mwambie avue kofia mezani hata kama umemharibu kichwa.

Dada yako,
Verna


Elkhart, Indiana
2 Desemba 2008

Dada Verna,

Samahani kwa kukaa kimya. Tuko wazima. Duane yupo nyumbani, mwaka huu wamewapa likizo mapema.

Nina ombi dogo, usinijie juu. Najua watu wa kwenu wengi hushuka Florida kila baridi na lile basi, wazee hasa, kuota jua. Nimewaza kwamba huenda wapo wenye wajukuu huko mjini, wale ambao hawakubaki kanisani, na wangependa kuwapa zawadi ya siku moja Bustani. Ninazo noti nyingi kuliko tunavyohitaji. Mtu akinipa dola sitini halisi, nampa noti za mia. Hamsini pia nitapokea. Ukiniuzia za dola elfu mbili kabla ya Krismasi nitakushukuru sana.

Ni kwa sababu tumeona siku kumi ni nyingi mno, basi. Watoto wanachoka.

Tafadhali nijibu upesi, Dada. Hata arobaini.

Lorraine


Mount Hope, Ohio
11 Desemba 2008

Lorraine,

Hapana.

Unataka nisimame mbele ya mlango wa ibada, mimi mjane wa miaka hamsini na mitatu mwenye kilemba cheusi, niwauzie wazee pesa zenye picha ya mnyama aliyevaa kofia? Askofu wetu angeniita kabla sijafika kwenye gari la farasi. Na umeanza lini biashara? Juzi noti hizi zilikuwa bora kuliko benki, leo unazitoa kwa nusu bei. Mtu anayetupa nusu ya mali yake kwa sababu "watoto wanachoka" hana shida, ana mchezo.

Mwenyewe sina pesa ya kukununulia. Usiniulize kwa nini. Mwezi ujao nitakutumia kifurushi cha jamu na soksi za watoto. Soksi ni za sufu, zitawawasha, wavae hivyo hivyo.

Verna


Bustani ya Otto, Florida
24 Januari 2009

Dada mpendwa,

Unaona karatasi hii nzuri yenye picha juu? Wanaweka bure chumbani, na kalamu pia. Mshangao! Tumeamua kuja mapema. Huko Elkhart theluji imefika madirishani, tukasema kwa nini tuumie.

Tumechukua chumba cha bei ya chini kabisa, kinatazama sehemu ya kuegesha magari, lakini kuna bwawa la maji ya moto na watoto wanaogelea mpaka vidole vinakunjamana. Tressa amepanda treni ya milimani. Alikaa mbele kabisa akapiga kelele tangu mwanzo mpaka mwisho, aliposhuka akasema, "Tena." Kapteni Otto alimkumbatia akamwekea sahihi kwenye daftari. Duane anasema ndani ya lile vazi mna kijana wa miaka ishirini anayetoka jasho kama bomba.

Tutakaa kitambo mara hii. Wiki kadhaa labda. Shule tumezungumza nayo.

Nimekuja na lile shuka la viraka ulilonishonea nilipoolewa, watoto wanalipenda. Na albamu ya picha za Mama. Na vyeti vyao vya kuzaliwa, si unajua hoteli siku hizi zinavyouliza maswali. Gari lilijaa mpaka Kayla alikaa amekumbatia pasi.

Usiwe na wasiwasi nasi. Ukiandika, andika hapa hotelini, chumba 1118.

Lorraine


Mount Hope, Ohio
2 Februari 2009

Lorraine,

Karatasi yako ilipofika niliikata ule uso wa yule mnyama, nikauwashia jiko. Kisha nikaanza kukuandikia barua ya hasira. Ilikuwa na kurasa nne. Nilikuuliza ni mama gani anayewatoa watoto shule mwezi wa kwanza wakaogelee. Nilikuambia mambo kuhusu Duane ambayo ningeyajutia.

Sikuipeleka posta, kwa sababu siku ile ile kifurushi changu kilirudi. Jamu ile ile, soksi zile zile. Juu yake wamepiga muhuri: nyumba haina watu, anwani mpya haijulikani.

Nikaitoa barua yako ndani ya Biblia nikaisoma tena. Mtu anayekwenda likizo habebi albamu ya mama yake aliyekufa. Habebi pasi.

Lorraine, mimi nilikuvalisha nguo kuanzia ukiwa na miaka mitatu. Ulikuwa ukivunja kitu unaanza kuimba. Barua yako yote unaimba. Niambie umevunja nini.

Verna


Bustani ya Otto
7 Februari 2009

Dada,

Nyumba hatuna.

Kiwanda kilifungwa Novemba, siku mbili kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Watu mia nne. Waliwapa kila mmoja bata mzinga na bahasha. Duane alirudi na bata mzinga amemshika kifuani, akasimama jikoni na koti lake. Tulikuwa tumeshachelewesha malipo ya nyumba tangu Septemba, nilikuficha hilo. Tungekuwa na akiba tungejikokota hadi kiangazi. Akiba tulikuwa nayo, Dada. Ilikuwa kwenye friza, imeandikwa MAINI.

Niliwapigia watu wa klabu wanirudishie dola. Binti aliyepokea alikuwa na adabu mno. Akasema, "Mama, imeandikwa nyuma ya kila noti." Ni kweli, imeandikwa. Nilikuwa nimeisoma mara mia na kuifurahia.

Nilijaribu kuziuza Elkhart, lakini nani wa kumuuzia? Mji mzima umekaa nyumbani. Ndipo nikakuandikia wewe. Niliona aibu kusema sababu, na ukanijibu kama ilivyostahili mtu mwenye mchezo. Sikulaumu.

Tarehe kumi na sita Januari walitutoa. Tulikuwa na dola mia tatu halisi na noti za elfu saba na mia nne. Duane akakaa kwenye usukani, akaniuliza, "Twende wapi?" Nikafikiri: ni wapi duniani pesa yetu ni pesa? Kuna mahali pamoja tu. Huko inalipia kitanda, inalipia supu, inalipia maji ya moto. Tukaja likizo, Dada. Hatuna mahali pengine tunapoweza kumudu.

Kila siku moja inakula kama mia na hamsini. Ndani ya michezo tumeingia siku tatu tu, mlango ni ghali. Zilizobaki zinatosha siku ishirini na tano. Duane anatoka alfajiri kutafuta kibarua, mafuta ya gari ndiyo yanayokula zile dola za kweli. Chakula anakula mara moja, ananidanganya kwamba kala huko alikokwenda, na mimi namdanganya vivyo hivyo.

Uliniuliza mtoto akiumwa itakuwaje. Wiki iliyopita Tressa alipata homa ya sikio. Daktari yuko nje ya geti, anataka dola mia na kumi. Nilikwenda kwenye foleni ya tiketi nikasimama saa mbili, nawaambia watu, "Noti za mia kwa hamsini, ni halali kabisa." Wanawake walikuwa wananitazama usoni kisha wanashika mikoba yao. Nimekuwa kwenye foleni ile mara nane na watoto wangu wamevaa masikio ya fisi-maji, na sikuwahi kumwona mwanamke kama mimi. Sasa najua alikuwepo. Mlinzi akaja akaniambia taratibu kwamba hairuhusiwi. Mwishowe bibi mmoja wa Michigan alinipa dola mia na ishirini, akakataa noti. Nilizikumbatia zile dola, nikamkimbilia mtoto.

Daktari aliuliza anwani yetu. Nikasema tuko likizo. Akasema, "Hongereni." Naogopa sana, Dada. Naogopa mtu atajua kwamba watoto hawa hawana kwao na atatuchukulia. Kayla anajua kila kitu, jana aliniambia hana njaa. Tressa hajui. Tressa anasema hii ndiyo likizo ndefu kuliko za watoto wote wa darasa lake.

Ninachotaka ni kimoja tu, tusitengane. Nisaidie nifikiri.

Lorraine


Mount Hope, Ohio
13 Februari 2009

Mdogo wangu,

Nimelia mpaka ng'ombe wamechelewa kukamuliwa.

Ungeniuliza kabla ya Novemba, ningepanda basi na elfu kumi na mbili kwenye soksi. Sasa nisikilize, na mimi nitakuambia nilichovunja. Yule mtu wa kanisa aliyetutunzia akiba hana kitu. Alizipeleka mahali zikazae, hazikuzaa, akaendelea kutuandikia karatasi nzuri za faida kwa mkono wake. Tulijua Novemba. Wajane kumi na mmoja. Alisimama mbele ya kanisa akapiga magoti akaungama, na tukamsamehe, ndivyo tunavyotakiwa. Nimemsamehe kila siku tangu siku hiyo na kila siku inabidi nianze upya. Ulipoandika kwamba unauza noti, nilikuwa sina dola hamsini ndani ya nyumba, na badala ya kukuambia nilikutukana. Nilikucheka pesa zako zenye picha ya mnyama. Za kwangu hazikuwa na picha hata ya panya.

Sasa kilichopo. Nina paa, nina maziwa, nina maharage. Ndugu wa marehemu mume wangu wamehamia upande wa pili wa nyumba na watoto wao saba, kwa sababu na wao walipoteza. Duane na wewe sina pa kuwalaza, na hapa hakuna kazi ya kumpa, vijana wetu wenyewe wamekaa. Lakini kitanda changu ni kipana. Wasichana wawili nitawaweka, hapa hapa pembeni yangu.

Najua ulichosema. Najua ulisema kimoja tu. Lakini tarehe nne Machi hoteli itakuambia utoke, na hapo atakayeamua watoto wako walale wapi hatakuwa wewe. Heri uamue sasa.

Bibi Ada Yoder wa kanisa letu yuko Florida na anarudi na basi tarehe ishirini na nane. Ni mzee, anakoroma, ni mwaminifu. Nimemwandikia.

Verna


Bustani ya Otto
20 Februari 2009

Dada,

Nilikasirika siku tatu. Nilikuita majina. Duane akasoma barua yako, akaikunja, akasema, "Dada yako amesema kweli," akatoka nje akakaa ndani ya gari.

Nimepata kazi. Utacheka. Mama anayesimamia usafi wa vyumba aliona kwamba chumba 1118 hakihitaji kusafishwa, natandika mwenyewe, nasugua bafu mwenyewe, eti ni mgeni gani huyo. Akanisimamisha kwenye ujia, akanitazama, hakuniuliza mengi. Naanza tarehe mbili Machi, hapa hapa, kusafisha vyumba vya walio likizo. Wananilipa dola za kawaida. Kuna bweni la wafanyakazi wanawake barabarani, vitanda sita chumba kimoja, watoto hawaruhusiwi. Duane amepata kibarua cha kupakia machungwa, atalala huko huko na wanaume. Tukipata elfu mbili na mia moja tutapanga nyumba, wanataka miezi miwili mbele na amana juu. Nimehesabu. Tusipougua, Julai.

Watakuja na Ada. Nitawaambia wanakwenda kumtembelea Mama Mkubwa. Kayla nimemwambia ukweli, akauliza tu kama huko kwenu kuna shule.

Tressa asipewe mtindi, unamletea vipele. Akilala mkune mgongo kidogo tu, usiongee. Anaogopa jogoo. Viatu vyake vimembana, nimekata mbele vidole vipate nafasi, usidhani ni uzembe.

Sijui nyumba isiyo na watoto inakaliwaje. Wewe umekaa humo tangu mimi niondoke, siku moja utanieleza.

Lorraine


Mount Hope, Ohio
9 Machi 2009

Mdogo wangu Lorraine,

Walifika salama. Ada anasema Kayla alimshika Tressa mkono kutoka Florida mpaka Ohio, hakuuachia hata wakati wa kula. Wanakula vizuri. Kayla anakwenda shule na watoto wa upande wa pili, na jioni anakaa nami kukanda unga, hasemi sana, lakini jana alinisahihisha hesabu ya mayai. Soksi wamevaa. Zinawawasha.

Tressa alikuwa mchangamfu siku nne za kwanza, mno hata. Alimpenda ng'ombe mdogo, akamsamehe jogoo. Kila kitu akawa ananiuliza bei. Maziwa ni bei gani, Mama Mkubwa? Kitanda ni bei gani? Nikamwambia hapa hakuna bei. Nilidhani namfariji. 

Sasa nikueleze jambo, na ulisome umekaa.

Pesa yangu ya mayai naiweka kwenye kopo la kahawa juu ya rafu ya jikoni. Zilikuwa dola arobaini na sita, ndizo zote nilizonazo mpaka ndama auzwe. Ijumaa nilipandisha mkono kulichukua, kopo halipo. Nilitafuta nyumba nzima. Mungu anisamehe, niliwawazia watoto wa upande wa pili, wote saba kwa majina. Jioni ile sikula.

Jumamosi asubuhi dereva wa lori la maziwa akashuka na kopo mkononi, kofia kaishika kifuani. Akasema jana yule mdogo alimkimbilia njiani akampa, akamwambia, "Chukua zote," akadhani nimemtuma kulipa kitu. Alipolifungua nyumbani akaona si sawa. Senti haikupungua. Nilimshukuru Mungu kwa sauti pale pale uani.

Lorraine, mtoto aliposikia zile sarafu zinagonga kopo alitoka mbio, akaniona nimelishika, akapiga yowe ambalo sijapata kulisikia kwa mtoto asiyeumia. Alijitupa chini kwenye tope. "Zilikuwa zimeisha! Mama Mkubwa, zilikuwa zimeisha!" Alikuwa anajaribu kunipokonya kopo alirudishe kwa dereva. Yule mwanamume mzima alisimama hajui aweke wapi mikono yake, mpaka akapanda lori akaondoka na machozi.

Kayla ndiye aliyenieleza. Alisema kila safari mliyokwenda, siku ya mwisho Duane alikuwa anafungua pochi, anawaonyesha watoto, anasema, "Pesa zimeisha, sasa tunarudi nyumbani." Kila safari, mara nane. Kwa hiyo Tressa kasubiri Bustani mpaka zikaisha, akaletwa kwangu. Akaona kwangu kuna pesa kwenye kopo. Akazimaliza.

Sikumchapa wala sikumkemea. Nilimwosha tope, nikamwambia mama yake anafanya kazi na anampenda. Akaniitikia vizuri tu, "Ndiyo, Mama Mkubwa."

Leo ni Jumatatu. Tangu asubuhi amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, kavaa koti lake na vile viatu ulivyokata, kafunga kamba mwenyewe. Kila nikipita ananiuliza kwa adabu kama kopo bado lina kitu.

Niandikie upesi nimjibu nini.

Dada yako,
Verna